Jino la Claire

Jumanne, 3 Juni 2025
Daftari, uniwie radhi. Nilikuacha mwaka 2002. Baada ya Claire sikuwa na la kuandika. Nimesoma ukurasa wako wa mwisho:

«Alhamisi, 12 Septemba. Jino la Claire limeng'oka. Anataka kulirusha juu ya paa la jirani. Nimemkataza. Jino hurushwa juu ya paa la kwenu. Askari wamebomoa mabati yetu — basi, angoje.»

Alilia. Siku mbili baadaye alikwenda na shangazi yake shambani, Mikelenge, kuchimba mihogo. Ilikuwa vita; hawakurudi. Alikuwa na miaka saba. Kaburi hana.

Jino nililificha ndani ya kopo la chaki. Mdogo wake, Jérémie, aliniona. Leo amepiga simu kutoka maabara yake, Liège, Ubelgiji. Analitaka.

Jumatano, 4 Juni
Nimemtaka aeleze polepole. Ndani ya jino mna ADN, uzi wa urithi wa mtu. Vimeng'enya vitanakili kipande chake mara nyingi mno, upatikane uzi mrefu. Nyuzi fupi zitaukunja, nao utakuwa kiunzi cha visanduku visivyoonekana kwa macho, vya kubebea dawa.

Nikauliza kama jino litarudi. Litasagwa.

Nikauliza kama uzi mwingine haufai. Akakiri kwamba unafaa wowote.

«Lakini papa, nataka dada yangu afanye kitu mu dunia.»

Ijumaa, 6 Juni
Nimemwambia mke wangu. Hakujua habari ya kopo. Aliweka chini sahani aliyokuwa akiosha.

«Miaka yote hii mutoto alikuwa humu mu nyumba, na weye ulinyamaza?»

Mtaa mzima bado unamwita Mama Claire. Amelitia jino kiganjani, akafumba. Anataka tulizike, tuweke msalaba. Hajala.

Jumapili, 8 Juni
Mwamba, anayesoma na Jérémie, anapanda ndege mchana huu. Atapita hapa kwanza kulichukua jino.

Nimechimba shimo nyuma ya jiko. Dogo, kama la kupandia mhindi. Mama Claire halitazami. Anatazama mabati tuliyo nayo tangu 2009. Ameniuliza kwa nini sikulirusha jino siku ile tulipoezeka.

Sikuthubutu. Kulirusha mimi ni kusema kwamba Claire harudi kulirusha.

Pikipiki ya Mwamba imesimama mlangoni. Mkono wa mke wangu bado umelifumbata jino. Nitaandika nikishaamua.

Nimefuta. Nitaandika akishaamua yeye.