Swali la Mzee Lugembe

Chemchem, Tabora
Jumapili, 5 Machi

Mpendwa Theodora,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigoma, wewe na shemeji Raymundi na watoto, na kwamba kile kifua cha mdogo kimepona. Ukiuliza hali yangu, mwili ni mzima. Nakula, nalala, saa moja na nusu asubuhi nipo kazini. Zaidi ya hapo sina la kusema, maana nikijitazama ndani sioni kitu, si huzuni wala nini.

Najua umenipigia simu mara nne tangu Alhamisi. Usidhani nimekununia. Niliiona ikiita, nikaiacha mpaka ikachoka. Kwenye simu ungenikatiza, unajijua mwenyewe, na mimi ningepata pa kujificha. Basi nimeona nikuandikie kama tulivyokuwa tukiandikiana likizo za shule, na bahasha nitampa kondakta wa basi la kesho asubuhi.

Ujumbe wako nimeusoma. Unataka nikusaidie kuandika malalamiko dhidi ya Daktari Gerson, kwa kuwa alimruhusu Mzee Lugembe arudi Goweko na mguu ulioharibika, naye akafariki siku ya nane. Umesema mimi ndiye ninayezijua njia za pale hospitalini. Kweli nazijua. Mwaka wa sita huu nakaa kwenye lile dawati la msaada kwa wagonjwa, nawaelekeza watu dirisha la bima, nawaambia wazee wana msamaha, nawaambia kila mmoja ana haki ya kuelezwa ugonjwa wake kwa lugha anayoielewa, na haki ya kukubali matibabu au kuyakataa. Siku hizi naweza kuyasema huku nasinzia. Malalamiko nimewaandikia wengi, na mengine yamezaa matunda. Yako pia nitakuandikia, ila kwanza nisikilize.

Daktari Gerson hakumruhusu baba yako.

Kasimiri amekusimulia alichokiona, na mdogo wako si mwongo. Alikwenda kupanga foleni ya dawa, na aliporudi alimkuta Mzee ameshavaa koti lake, akaambiwa na Mzee mwenyewe kwamba ameruhusiwa. Mzee ndiye aliyemdanganya. Daktari alikuwa amemweleza kwamba kidonda cha kisukari kimefika kwenye mfupa, kwamba mguu ukatwe chini ya goti ndani ya wiki ile ile, la sivyo sumu itasambaa mwilini na atakufa. Alisema mara mbili kwa Kiswahili, na mimi nikarudia kwa Kinyamwezi changu kibovu. Mzee alielewa kila neno. Aliuliza jambo moja tu, kama wanaweza kumkata kwa nguvu. Daktari akasema hapana. Mara akaitwa chumba cha upasuaji, akaniomba nikae na Mzee, nizungumze naye vizuri mpaka atakaporudi.

Nikakaa. Nilikuwa nimeshamwamkia kwa mwangaluka yetu ile ya Goweko, akanitambua papo hapo. Akanikumbusha maharage yake niliyoyaunguza kwenu likizo ya kidato cha tatu, akacheka, akaniita mwanangu. Halafu akasema tumbaku iko ndani ya bani, inakaushwa, moto unataka mtu, na mtu wa mguu mmoja habebi kuni. Nikamjibu kama ilivyoandikwa ukutani nyuma ya kiti changu. Nikamwambia kukataa ni haki yake, hakuna atakayemlazimisha wala kumgombeza, na mlango uko wazi siku yoyote akibadili mawazo. Nililisema vizuri, Theo, kwa ile sauti ya upole tuliyofundishwa kwenye semina. Nikatoa fomu ya kukataa matibabu, nikamsomea mstari kwa mstari.

Kabla hajaweka kidole, aliniuliza kama yeye angekuwa baba yangu mzazi, ningemfanyia nini.

Nikamjibu kwamba sisi kazini haturuhusiwi kumchagulia mgonjwa.

Akanitazama kidogo, akasema serikali imenifundisha vizuri. Akaweka kidole gumba. Nikamfuta wino kwa pamba. Daktari aliporudi alikuta kitanda kitupu, akanigombeza mbele ya wauguzi, nami nikamwonyesha fomu. Jioni nikaandika kwenye taarifa ya siku kwamba mgonjwa ameelimishwa kuhusu haki zake.

Sasa nikwambie lile ambalo hujui, na ambalo pale msibani nilikuficha ulipokuwa umenikumbatia ukinishukuru kwa kumpokea mzazi wako.

Baba yangu alipokatwa mguu mwaka juzi, niliwaambia wote kwamba alikubali mwenyewe. Si kweli. Alikataa. Alisema fundi cherehani bila mguu si fundi, bora azikwe na miguu yake miwili. Haki zake sikumsomea hata moja. Nilikaa kitandani pake tangu adhuhuri mpaka magharibi, nikalia, nikamsihi, nikamwapia kwamba akifa sitamsamehe, nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Mwishoni alichoka nami, akasema haya, uchukueni. Kwa hiyo yu hai. Kila siku anakwenda kibandani kwake Kanyenye, anakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, na hakuna mteja anayerudisha nguo. Lakini kwa miaka miwili hii, mgeni akimuuliza mguu umepatwa na nini, anajibu kwamba aliukata Swaumu. Watu hucheka. Mimi nilikuwa natoka nje. Ndipo nilipojiapiza kwamba sitamsukuma mtu tena, kila mtu na aamue lake.

Basi Mzee Lugembe aliponiuliza, jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa Kanyenye linapinda suruali ya mtu. Nilimnyima. Haikuwa sheria iliyonizuia, Theo. Sheria inakataza kumlazimisha mtu, haikatazi kumjibu. Niliogopa kulaumiwa mara ya pili.

Tuliporudi kutoka maziko nilimweleza baba yote. Alisimamisha cherehani. Akaniuliza kama nilimtajia huyo mzee habari za mguu wake yeye. Nikasema sikumtajia. Akasema kutoka hospitali mpaka kibandani kwake ni mwendo mfupi wa bodaboda, ningemleta angalau amwone anavyoshona, halafu kama bado anataka kwenda kufa, aende. Kabla ya hapo sikuwahi kumsikia akiutaja ule mguu bila kunilaumu. Nilitegemea kulia, sikulia. Aliniomba nimtungie uzi kwenye sindano, nikamtungia.

Ndani ya bahasha utakuta fomu ya malalamiko. Nimeshaijaza kwa mwandiko wangu, maana wako hata karani hausomi. Panapoulizwa jina la mtumishi anayelalamikiwa nimeandika Swaumu Lukumani, dawati la msaada kwa wagonjwa. Tarehe nimeweka, na jina la Daktari Gerson nimelitaja kama shahidi, kwa kuwa alitimiza kazi yake. Kwenye maelezo ya lalamiko wameacha mistari kumi na miwili. Nimetumia mmoja: mgonjwa alimuuliza, hakumjibu. Ukitaka kuongeza, nafasi ipo. Imebaki sahihi yako.

Usiitume kwa posta, na usimpe Kasimiri aitumbukize kwenye kisanduku cha maoni pale mlangoni. Ufunguo wa kile kisanduku ninao mimi. Aipeleke moja kwa moja kwa mganga mfawidhi, na nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, abaki nayo. Wasipojibu ndani ya mwezi mmoja, una haki ya kwenda kwa mganga mkuu wa mkoa. Akiambiwa arudi kesho, aulize jina la anayemwambia hivyo na aliandike. Ukiona huwezi kusaini, hilo nalo ni lako, sitakushawishi upande wowote. Unaona, bado nasema vile vile. Ngoja nikujibu kabla hujaniuliza. Ningekuwa wewe, na yule angekuwa baba yangu, ningesaini.

Nisalimie shemeji Raymundi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Baba anakusalimu sana. Anasema gauni lako jeusi ulilomwachia alipunguze kiuno liko tayari, na hataki umtume mtu. Uje mwenyewe, unapiga magoti, unamwamkia, anakupa.

Ni mimi, uliyelala naye kitanda cha juu na cha chini miaka minne,

Swaumu Lukumani