Meza ya Dirishani

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka kitandani. Ukiona herufi zinapanda na kushuka, usidhani nimeanza ulevi uzeeni. Goti lako linaendeleaje? Na kile kikohozi cha asubuhi, kimekuacha au bado mnaamka pamoja? Mimi nipo, kama taa inayokaribia kuishiwa mafuta. Daktari ameacha kuniambia kwamba nitapona. Siku hizi ananiuliza tu kama nimelala vizuri. Wewe unajua maana ya swali linapobadilika.

Barua yako nimeipata, nikaisoma, nikaiweka chini ya mto. Umejaa furaha kwamba binti yetu amefanywa meneja wa utumishi kazini kwake, na hata mimi nimefurahi. Lakini umeandika kwamba amerithi jicho langu, ukaniomba nimpe siri ya kumjua mtu kwa kumtazama, kabla sijaondoka nayo. Ndilo neno lililoninyima usingizi.

Alipokuja kuniona alikuja na ombi hilohilo. Alikaa ukingoni mwa kitanda akinimenyea chungwa, akaniambia kwamba pale mapokezi kuna mama mmoja ambaye ameshamalizana naye. Wateja hawaishi kulalamika, simu hazipokelewi, majina yanachanganywa. Alisema alimtazama mara moja tu akajua kwamba ni mzembe, na barua ya kumwachisha kazi itatoka mwisho wa mwezi. Nikamuuliza nani alikaa pale kabla yake. Akasema alikuwapo mwingine, naye aliondolewa kwa uzembe. Na kabla ya huyo? Akacheka, akasema, baba mkubwa, kile kiti kina mkosi, kila anayekikalia anaharibika.

Nililiweka kando chungwa alilonimenyea. Nikamwambia nimechoka, aniache nilale. Sikulala. Ningemjibu nini bila kumtaja mama yake?

Basi nisikilize, na usiikunje barua hii kabla ya kufika mwisho.

Unakumbuka heshima niliyokuwa nayo kiwandani, nilipokuwa mkuu wa wafanyakazi. Waliniita Jicho. Mtu akiingia kuomba kazi sikumuuliza mengi. Nilimtazama anavyofungua mlango, anavyovuta kiti, nikaamua. Mkurugenzi alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye ananunua mitambo, watu anamwachia Jicho. Nami nilijisikia, ndugu yangu. Nilikuwa na vyeti ukutani na sifa midomoni mwa watu, nikaona kuuliza ni kazi ya wasiojua.

Chumba cha ukaguzi kilikuwa na meza kadhaa, kila mkaguzi akilivuta jora la kitambaa mbele yake na kutafuta uzi uliokatika, tundu au doa. Meza ya dirishani tulimpa mkaguzi bora, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na mwanga mwingi. Kukaa pale kulikuwa kupanda cheo. Ndipo wakaguzi wetu bora walipoanza kuharibika mmoja baada ya mwingine. Majora yalipita mikononi mwao na kasoro zake, wanunuzi wakayarudisha. Wa kwanza nilimfukuza. Wa pili nilimfukuza, nikasema sifa zimemlevya. Wa tatu alikuwa mkeo.

Nilimwingiza kiwandani mimi mwenyewe, mwaka mliooana. Kule kwenye meza ya mlangoni alikuwa hodari hata wenzake wakamtania kwamba anaweza kuona kasoro kwenye nguo iliyovaliwa na mtu barabarani. Nikampandisha dirishani. Kabla msimu haujaisha, msimamizi akaja ofisini akisema, shemeji yako, bosi, samahani, lakini analala macho wazi.

Nilimwita. Hakubisha. Alisimama mbele ya meza yangu akikunja ncha ya kitambaa chake cha kazi, akasema huenda ni kweli, huenda macho yake yameanza kuchoka, hajui. Anaangalia na haoni kitu. Aliniomba, shemeji, nimrudishe kwenye meza ya mlangoni. Nilimjibu kwamba uzembe hauponi kwa kubadilishiwa kiti, nikamwachisha kazi. Niliona nimesema neno zito. Walio nje waliposikia walilirudia kama methali.

Baada yake nilimweka pale mwanamke ambaye hakuna aliyethubutu kumtilia shaka, mkali hata kwa nafsi yake. Naye majora yakaanza kumpita. Msimamizi aliponiletea habari hizo alitania kwamba labda dirisha linaingiza usingizi. Nilicheka. Alipotoka, nikaacha kucheka.

Mimi nilikuwa nikizunguka chumba kile asubuhi tu. Siku ile nilishuka mchana. Nilimwomba yule mama anipishe, nikakaa, nikalivuta jora. Ghala la jirani lilikuwa limeezekwa mabati mapya, na jua la mchana lilipoyapiga lilirudi moja kwa moja juu ya kitambaa cheupe, kikang'aa kama uso wa maji. Nililikagua jora lote nikaona ni safi. Kisha nikalibeba hadi meza ya mlangoni, nikalikagua tena. Palikuwa na tundu ambalo mtoto angepitisha kidole. Nilikuwa nimepitisha kiganja changu juu yake bila kuliona.

Mimi, Jicho.

Nikaagiza meza igeuzwe, ilipe dirisha mgongo. Walioniuliza niliwaambia ni kwa ajili ya hewa. Majora yaliacha kurudi, na mkurugenzi akanisimamisha mbele ya wakuu wote akasema, mnaona, Jicho amepata mtu anayefaa. Nikapiga makofi pamoja nao.

Hadi hapa waweza kusema, kaka alikosea, nani hakosei? Lakini sijafika. Mficha uchi hazai, nami nimeficha mpaka nimefika ukingoni.

Unakumbuka jioni uliyokuja kwangu ukiwa umemshika binti yetu mkono, bado hajaanza shule. Ulisema nyumba imekushinda. Maziwa yamefurika jikoni, kiatu cha mtoto kimepotea, jiko limeachwa linawaka. Mambo hayo yalikuwapo siku zote, kwako na kwangu na kwa kila mtu mwenye jiko. Ila tangu nilipompa jina la mzembe, ulianza kuyaokota moja moja na kuyaweka pamoja. Ukaniuliza, kaka, wewe unawajua watu, huyu atabadilika? Nikakujibu kwamba mtu ni vile alivyo.

Meza ilikuwa imeshageuzwa. Siku ulipokuja kuniuliza, nilikuwa nimeshajua. Neno moja lingetosha: ningekwambia habari ya mabati, ungerudi nyumbani kumwomba radhi. Nilipima ndoa yako na jina langu, nikachagua jina langu. Ukamwacha. Mtoto akalelewa kwako akiambiwa asije akawa kama mama yake, nami nilikuwapo, nikinywa chai, nikitikisa kichwa kukubali. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na nimeitembea nikiheshimiwa.

Msomee binti yetu barua hii kabla mwezi haujaisha. Mwambie hakuna jicho. Akakae mwenyewe kwenye kile kiti cha mapokezi, saa ambayo mambo huharibika, wala si saa inayomfaa yeye. Amweke pale mtu anayemwamini, aone kama naye ataharibika. Watatu wakianguka mahali pamoja, achunguze mahali. Akishafanya hayo, kama bado ni uzembe, amwachishe huyo mama kazi kwa moyo mweupe. Asipofanya, atakuwa amenirithi kweli.

Kisha umpeleke kwa mama yake, nawe uende, usimtume peke yake. Aliniambia kwamba kila anapomtembelea, mama huyo hutoka nje kumsindikiza, akarudi kuangalia kama amezima jiko, akatoka, akarudi tena, kisha humwomba binti naye akaangalie, akisema yeye hajiamini. Binti alinisimulia akitabasamu, kama mtu anayesimulia tabia za wazee. Sikuweza kumtazama. Wale wawili wengine sijui waliko; kama nguvu zingerudi ningewatafuta, lakini hazitarudi.

Sikuombi unisamehe upesi. Ukija kunizika uje, usipokuja nitaelewa, na wanangu nimewaambia wasikulaumu.

Wasalimie wote wa nyumbani, na jirani yako mbishi wa bao mwambie sikumkimbia, ni miguu tu imegoma. Na yeye, sijui kama nina haki bado ya kumwita shemeji, msalimie kwa heshima. Ukishindwa kumsomea yote haya, mwambie hili moja: macho yake yalikuwa mazima.

Ni mimi, kaka yako,
niliyekuwa nikiitwa Jicho.