Mpira Umeanguka, Mwalimu

Mwalimu Barasa,

Mulembe. Najua hukupenda maneno mengi; hata ripoti zetu uliziandika mstari mmoja: "Ana bidii, aendelee." Leo utanivumilia. Umelala kwenu Cheptais miezi mitatu sasa, na huwezi tena kuninyamazisha kwa filimbi.

Kwanza nitubu. Nilipokuja kukuona hospitalini Bungoma, hukuuliza habari za watoto wangu. Ulinishika mkono ukauliza, "Mwaka huu si mlifika mkoa?" Nikasema tulifika. Ukatabasamu, ukafumba macho. Nilikudanganya, Mwalimu. Timu yangu ya voliboli ilitolewa mechi ya kwanza kabisa, hapa hapa Kitale, tena na shule ambayo wewe ungeishinda ukiwa umekaa kwenye kiti. Na tulitolewa kwa sababu yangu. Nilichezesha wasichana wote kumi na wawili, hata Rispa, ambaye hufumba macho mpira ukimjia. Wanjiru, yule mrefu wangu mwenye mkono mzito, nilimweka nyuma ajifunze kupokea. Wazazi walizomea. Mwalimu mkuu aliondoka kabla ya seti kwisha.

Ningefanya hivyo tena kesho.

Siku ya mazishi walipanga ngao zako zote za ushindi kwenye meza kando ya jeneza. Wakaniita mbele: "Huyu ni kazi ya mikono yake." Nikasema asante, nikarudi kukaa. Nilikuwa na mengine kooni, lakini mkeo alikuwa ananitazama, na mimi nilikupenda, hiyo ndiyo shida. Wewe ndiye uliyeshona wavu kwa kamba ya katani tukapata cha kuchezea. Ulinigawia viazi vitamu vyako vya saa nne ukijua nimetoka nyumbani bila chai. Wengine waliona msichana mrefu wa kutumwa maji. Wewe uliona mchezaji. Sijasahau hata moja.

Sijasahau pia jioni uliyokuja kwa baba. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa darasa la nane, na mama ameanza kuuliza bei ya sanduku la kwenda nalo sekondari. Ukasema, "Mzee, huyu bado mdogo. Arudie kidogo tu, apate alama nzuri zaidi." Baba alivua kofia, maana kwake mwalimu hakosei. Nikarudia. Mwaka uliofuata ukaja na maneno yaleyale, nikarudia tena. Mara ya tatu nilikaa dawati moja na Sabina, mdogo wangu, niliyemfundisha mwenyewe kuhesabu vidole. Darasani aliacha kuniita dada. Aliniona aibu.

Ngao tuliibeba mwaka huo. Bega langu lilikuwa linauma tangu muhula wa kwanza, ukalikanda kwa maji ya moto na chumvi, ukasema, "Cheza bana. Mpira haugusi chini nikiwa hai." Nikacheza. Leo mkono huu haupandi. Naandika nusu ya chini ya ubao tu, na wanafunzi hudhani nawahurumia wale wafupi.

Basi sikiliza yaliyotokea baada yako. Matokeo yalipotoka Januari, Wanjiru alikuwa amepita vizuri. Barua yake ya kuitwa kidato cha kwanza ilifika shuleni, ikakaa kwenye droo ya mwalimu mkuu wiki mbili. Nilipouliza akaniambia, "Si arudie tu kidogo, madam? Bado ni mdogo. Na ukimweka mbele, mwaka huu tunafika mkoa."

Arudie kidogo. Nilisikia sauti yako, Mwalimu. Nikamwambia sitoki ofisini bila hiyo barua, na kama ni kuita polisi, aite. Sikuwa nimewahi kumpazia sauti mkubwa wangu. Siku hiyo karani alilazimika kufunga dirisha.

Niliipeleka mwenyewe Kiminini kwa mama yake, anayeuza kabichi kando ya barabara. Alikuwa ameshaambiwa binti yake hakupata shule. Alifuta mikono kwenye leso kabla ya kuipokea, akaisoma mara mbili, halafu akanikalisha kwenye gunia lake. Wanjiru ameripoti Jumatatu, na sanduku lake la bati.

Mimi nikanyang'anywa timu. Amepewa kijana mmoja mgeni, hodari wa filimbi kama wewe. Huenda wakafika mkoa, sikatai. Kwenye chumba cha walimu wanasema nimeichezea shule bahati yake, na kwamba nitahamishiwa Lwakhakha nikafundishe mpakani. Wanihamishe. Huko nako kuna wasichana. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami pole ya mtu siitaki.

Mkeo alinipa mpira wako wa mwisho, ule wa ngozi uliopauka. Nadhani alitaka niuweke kabatini. Mimi huupeleka uwanja wa kanisa, kila Jumamosi asubuhi, kwa wasichana wa darasa la nne wa mtaani kwetu. Rispa hunisaidia, na siku hizi hafumbi macho. Kila mmoja anapokea, anainua, anapiga, kisha wanabadilishana nafasi. Anayeumwa anakaa, na hakuna anayemuuliza mara mbili. Wanajifunza polepole mno, ungechanganyikiwa. Lakini wana miaka tisa, Mwalimu. Wana haraka gani?

Nakukumbuka. Nakukasirikia pia, na mambo hayo mawili hayajapatana. Siku ile hospitalini ulikuwa umeshika mkono huu huu. Ungeniuliza tu, "Bega je?" Nilingoja mpaka muuguzi akanitoa.

Sasa lala. Mvua zikianza nitakuja kupalilia kaburi lako, na ngao zako sitazisema vibaya mbele ya watoto wako. Ila hili nakuahidi, upende usipende: popote nitakaposhika chaki, hakuna msichana atakayerudishwa darasa kwa sababu ya mkono wake. Mpira wako unagusa chini asubuhi nzima, na mimi ningali hai. Aliyeuangusha anaufuata, anauokota, anarudi mchezoni akicheka.

Mwanafunzi wako,
Nekesa