Sambaza za Paka

Jumapili, 9 Juni 2024

Nimerudi nyumbani na njaa. Tena!

Gracien alinipitia baada ya misa, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Ndiye anayetaka kumwoa Priscille wangu. Binti mwenyewe yuko Kamituga, muuguzi, atarudi Agosti kwa siku ya kujitambulisha – familia ya Gracien ije kusema rasmi inachotaka. Kabla ya kuondoka Priscille alimwachia Gracien kazi moja: Jumapili asiniache peke yangu. Basi kijana ananipeleka kando ya ziwa.

Leo ilikuwa terrasse moja ya Nguba. Viti vya plastiki, muziki juu, maji karibu na miguu. Akaagiza tilapia ya kuchoma, ya watu wawili. Nikasema nimeshiba. Nikanywa sucré moja, soda tu, nikiangalia samaki mzima akiliwa na mtu mmoja mwenye huzuni.

Nifanye nini? Kwetu mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Mkwe asimwone akitafuna, basi. Mama yangu alijificha hivyo kwa marehemu mume wangu Edouard maisha yake yote. Gracien amekulia Kinshasa kwa tonton, mjomba wake, hajui. Na kumweleza siwezi – nimwambie mkwe habari za kinywa changu na tumbo langu? Bora nikae na njaa.

Ningeweza kukataa kwenda. Lakini napenda kwenda! Tangu Edouard afariki, hakuna mwingine aliyeniuliza kama nataka kuona maji.

Jumapili, 16 Juni

Mtoto wa watu ameamua kwamba kosa ni la Nguba. Leo Muhumba, hoteli yenye bustani, vitambaa vyeupe mezani, mhudumu anainama. Menyu ndefu kama litania. Akanisomea yote polepole, akinitazama usoni kwa kila jina. Brochettes? Kuku? Supu? Nikasema daktari amenikataza kula mchana. Uongo, tena baada ya komunyo!

Naye akala kidogo tu. Akanisimulia kwamba mama yake alikufa yeye akiwa mdogo sana. Uso haukumbuki. Anakumbuka mkono tu, unamtolea miiba ya samaki.

Nampenda kijana huyu, niandike tu, hakuna anayesoma.

Jumapili, 23 Juni

Ameuliza kazini kwake wamama wa Bukavu wanapenda kula wapi. Wakamwelekeza malewa moja karibu na bandari: mabati, mabenchi, wamama watatu na masufuria ya mafuta. Sambaza! Wale samaki wadogo wa ziwa letu, wanakaangwa wazima na kuliwa na vichwa vyao, pilipili pembeni. Huo ndio ugonjwa wangu. Harufu ilinipokea tangu barabarani, nikajua leo nitaaibika.

Sikuaibika. Nilimwomba muuzaji anifungie za paka.

Gracien alifurahi ajabu, kumbe nina paka! Akaongeza kifurushi cha pili, paka asikose.

Paka wangu alikufa zamani, Priscille akiwa bado shuleni. Nimezila zote jikoni, nimesimama, viatu vya misa bado miguuni.

Jumatano, 26 Juni

Aibu. Aibu kubwa.

Jioni nilikuwa jikoni. Nilikuwa nimejinunulia sambaza mwenyewe, mlango wazi kwa sababu ya moshi. Nageuka – Gracien amesimama mlangoni na mfuko wa vichwa vya samaki. Amemletea paka! Mimi kinywa kimejaa, mkia wa sambaza unachungulia nje ya midomo. Nikaugeukia ukuta, nikabaki hapo kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Hata karibu sikumwambia.

Aliweka mfuko mezani taratibu. Nadhani alitazama huku na huku, hakuna paka. Kisha akasema:

« Maman, kumbe munakulaka. Sasa ni fasi njo zilikuwa mubaya, ao ni miye? »

Yaani ni mahali aliponipeleka ndipo pabaya, au ni yeye! Kutema siwezi, kumeza siwezi. Nilipogeuka alikuwa ameshakwenda.

Alhamisi, 27 Juni

Leo simu ya Kamituga imekubali. Nilipomweleza Priscille habari za paka, alicheka mpaka nikamkasirikia. Halafu akaacha kucheka. Gracien amempigia: anataka mambo ya Agosti yasogezwe, hawezi kuleta familia yake mbele ya mama asiyemtaka.

Mimi simtaki? Mimi ninayeamka mapema kila Jumapili kuchagua kitambaa cha kujifunga!

Nikamuuliza Priscille kwa nini hakumweleza Gracien mapema. Alidhani anajua, eti kila mtu anajua. Kisha akaniambia nile tu mbele yake, yaishe, tuko mwaka gani? Rahisi kusema. Koo lenyewe litakataa. Nimemwambia amweleze yeye, leo hii.

Nimemkumbuka Edouard siku tulipomzika mama yangu. Alikaa pembeni analia, akasema miaka yote ile hakuwahi kujua mama alipenda chakula gani. Maharagwe na ndizi! Nilijua, sikumwambia. Niliona ni kitu kidogo.

Jumamosi, 29 Juni

Gracien hajapiga simu wala kupita. Vichwa vya samaki nimewapa paka wa jirani. Kitambaa cha kijani nimekipiga pasi hata hivyo.

Jumapili, 30 Juni

Amekuja! Naandika hapahapa mezani, magotini kusema kweli.

Ni sikukuu ya uhuru, Bukavu nzima iko kando ya maji. Tumerudi malewa ya bandari. Sikujua kama Priscille amempata kwenye simu. Daftari hili nililitia mkobani ili nipate pa kutazama.

Meza ilibaki moja tu, mwisho kabisa, ukingoni mwa maji. Gracien akachukua kiti changu, akakielekeza ziwani. Akachukua chake, akakigeuza, mgongo wake kwa mgongo wangu. Yeye anatazama mabati na moshi wa kukaangia. Ziwa ameniachia mimi.

Basi ameambiwa.

Nawaza. Wazee walikataza macho ya mkwe. Juu ya mgongo wa mkwe hawakusema neno, au mimi sikuambiwa. Watu wanatutazama, wanadhani tumegombana. Waache. Nikiegemea kidogo nausikia mgongo wake, shati limelowa jasho. Anaogopa kuliko mimi.

Sahani mbili zimefika, moja huku, moja kule. Sambaza bado zinalia mafuta. Nimemsikia anaanza kutafuna, kisha ameacha.

« Maman, sitageuka. Muniambie tu, chumvi iko ya kutosha? »

Ananingoja. Hatafuni, hasogei.

Swali ni la adabu, lazima nimjibu. Na ili nimjibu lazima nionje. Naweka kalamu chini.