Vidole Vyangu Kwenye Kopo la Nasra

Jumatatu, 19 Aprili 1999
Uji, redio, kiti cha barazani. Mapaja yananiwasha. Nimejikojolea tena. Mjukuu wangu Mariama hajui, vitambaa navificha. Mwalimu mstaafu, mzee anayeombwa dua na nusu ya Moroni, ananuka mkojo.
Mariama alipokwenda sokoni nilichovya vidole kwenye kopo la malhamu ya mtoto wake, Nasra. Nikapaka. Nikachovya tena. Nafuu kubwa.

Jumatano, 21 Aprili
Nasra amepata wekundu. Zahara, mlezi wake, alimtania akimwosha: "Haya, bi harusi wa matako mekundu." Zahara ni mtu wa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani. Yuko nasi tangu kabla kisiwa chake hakijajitenga. Alimpaka mtoto liwa kidogo, ile ile anayojipaka usoni. Kwao hupoza ngozi.
Mimi nimechovya tena. Sikunawa.

Ijumaa, 23 Aprili
Vipele, hadi kwenye mikunjo. Mtoto analia akikojoa. Mariama alimpeleka kwa muuguzi, akarudi na maagizo. Asafishwe kwa maji, akaushwe bila kusuguliwa, ngozi ipate hewa, ndipo malhamu ipakwe, nyembamba. Isipakwe palipochubuka na kutoa maji. Ila hivi vipele ni fangasi. Malhamu peke yake haiponyi, amepewa dawa nyingine. Liwa hapana kabisa. Kopo la zamani litupwe. Jipya lisichovywe kwa mkono mchafu, wala mtu mwingine asilitumie.
Muuguzi aliuliza kama yupo mwingine anayelitumia. Mariama alijibu hakuna.
Darasani kwangu, kunawa mikono ndilo lilikuwa somo la kwanza.

Jumapili, 25 Aprili
Redio: wajumbe wa Ndzuani hawakutia saini mkataba wa umoja wa visiwa huko Antananarivo. Vijana wamefunga barabara, wanawasaka watu wa Ndzuani. Humu ndani Mariama naye alikuwa anatafuta wa kumlaumu.
"Wewe na liwa yako," alimwambia Zahara, majirani wakisikia. "Nyinyi mkigusa kitu kimeharibika."
Zahara alinitazama. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba, alingoja niseme neno. Nikaomba maji ya kunywa.
Mwoga. Niliogopa kuitwa kikojozi.

Jumatatu, 26 Aprili
Zahara ameondoka. Mariama hakumzuia. Kwanza Zahara alikuja kitandani kwangu na furushi lake, akapiga magoti, akaomba radhi kama msafiri anavyowaomba wakubwa.
"Bakoko, babu yangu, kama nilikukosea, niwie radhi."
Nikamwia radhi. Mimi ndiye nikamsamehe yeye. Nikamwekea na mkono kichwani, ule ule.

Jumanne, 27 Aprili
Nimesema. Mariama alikuwa anakunja nepi. Maneno hayakutoka vizuri, basi nikafunua kikoi, nikamwonyesha mapaja yangu. Vipele vile vile.
Aliiweka nepi chini. "Bakoko, si ungeniambia tu mimi?"
Akajitupia leso, akakimbilia bandarini kumrudisha Zahara. Alirudi peke yake. Chombo kilikuwa kimeshaondoka na watu wa Ndzuani. Simu za Mutsamudu haziingii. Hatujui kama amefika.

Jumatano, 28 Aprili
Homa. Sidhani nitauona mwezi ujao ukiisha. Majirani wanakuja kunijulia hali, na kila mmoja anampongeza Mariama kwa kumwondoa yule mwanamke aliyemdhuru mtoto. Mariama anainamisha kichwa. Ananitunzia heshima yangu kwa kuliacha jina la Zahara lichafuke.

Alhamisi, 29 Aprili
Nasra amelala bila kulia. Ngozi inarudi.
Baada ya alasiri nilimwomba Mariama anitoe barazani na awaite majirani. Nikawaambia. Zahara hakumdhuru mtoto. Ni mimi, kwa vidole vyangu, kwa sababu najikojolea na niliona haya kusema. Mzee mmoja alikohoa, akaangalia viatu vyake.
Niliposimama kiti kilikuwa kimelowa, na wote waliona. Mariama alikifuta bila haraka. Kisha akanishika mkono, tukaingia ndani.