Mlima Uliolipuka Chini ya Meli Yetu

Shemeji yangu,

Natumai hujambo. Mimi bado nawapikia wataalamu wa volkano hapa melini. Wali wangu wanausifu, ingawa wanaula huku wamekodolea macho kompyuta.

Jumanne mkuu wao aliingia jikoni akirukaruka: "Mpishi, mlima umelipuka chini yetu!" Nilivaa jaketi la kuokolea maisha, nikaacha vitunguu vikiungua, nikamwandikia dada yako ujumbe wa kuagana. Humo nikaungama kwamba cherehani yake haikuibwa. Niliivunja mimi, nikaitupa, nikanyamaza alipokushuku wewe.

Kisha nikauliza tunazama saa ngapi. Walicheka hadi wakakaa chini. Kumbe mlima uko kilomita nne chini ya maji, na uzito wa maji yote hayo uliubana mlipuko, hata chai haikutikisika mezani. Wao walishangilia tu majivu waliyoyaopoa, yanayong'aa kama vioo.

Miaka mitatu hamkusemezana kwa sababu yangu, shemeji. Nisamehe. Nililia kweli, si vitunguu.

Dada yako amejibu: "Rudi salama. Kaka yuko hapa, tunakungoja wote wawili." Niambie ukweli, mnaningoja kwa chakula au kwa fimbo?

Ni mimi, shemeji yako mkosaji,
Mpishi