Kiti cha Kaka Sirilo

Mdogo wangu Alfonsi,

Natumaini wewe na wanao huko Tabora ni wazima. Huku Sumbawanga mvua ya baridi inanyesha, nami nimekasirika.

Unajua kwamba kaka yetu Sirilo, kila alimapo shamba lake la Kaengesa, hubanwa kifua mpaka mkono wa kushoto unakufa ganzi. Akipumzika, maumivu hupoa. Jana nilimpeleka kwa daktari Mzungu aliyeleta mashine ya picha ili achunguze mioyo ya watu wa Ufipa. Alimpiga picha ya kifua, akaitazama kwenye taa, akasema, "Mapafu safi. Nenda ukalime."

Nikamwuliza, "Na mishipa ya moyo, bwana daktari?"

"Picha hii haiionyeshi. Lakini ugonjwa huo ni wetu sisi tunaoketi vitini. Mwafrika hanao."

Kaka akacheka: "Basi niazime kiti, bwana, niugue kwa heshima!"

Mimi sikucheka. Ikiwa mishipa haionekani, amejuaje kwamba ni mizima? Amesafiri njia yote hiyo hadi huku kutafuta jibu alilolibeba kutoka kwao.

Leo asubuhi nilimkuta kaka akinoa jembe. Nimemnyang'anya. Ninamlimia mimi, kwa mikono hii iliyozoea chaki. Yeye ameketi kitini mlangoni, anakula ugali wa ulezi na kunisimanga: "Mwalimu, tuta lako limepinda!"

Wasalimu wanao mmoja mmoja. Mwombeeni kaka yetu akae sana kwenye kiti hicho.

Ni mimi kaka yako,
Kasiani